Kichocheo cha Oksidi Kipimwe Kikiwa Kazini

Chukua bamba la shaba lililofunikwa na oksidi yake. Lengo ni kutumia umeme kuigeuza kaboni dioksidi (CO₂) kuwa bidhaa kama ethilini. Litumbukize kwenye maji yenye bikaboneti na kaboni dioksidi, liunganishe upande wa kathodi, yaani upande unaopokea elektroni, kisha lisukume hadi volti hasi 0.9 kwa kipimo cha elektrodi rejea ya hidrojeni, ambayo ndiyo sifuri yetu. Kabla ya jambo jingine lolote, oksidi itaanza kurudi kuwa shaba tupu. Thamodinamiki haina kigugumizi hapa: oksidi ya shaba, Cu₂O, huwa tayari kugeuka metali mara volteji inaposhuka chini ya takriban volti chanya 0.47, na kathodi yetu iko zaidi ya volti 1.3 chini ya mstari huo. Hata hivyo, matokeo ya jaribio hilo yakishaandikwa, mara nyingi sifa zote hupewa "kichocheo cha oksidi ya shaba", na mchoro wa maelezo humwonyesha msomaji molekuli ya CO₂ ikitua juu ya safu nadhifu ya atomu za shaba na oksijeni zilizopangana kama zilivyokuwa kwenye chupa.

Nimefuatilia mjadala huu kwa muda mrefu, na ninaamini tatizo lake kubwa ni la uthibitisho, wala si la ubunifu. Oksidi tunayoiingiza kwenye seli ya umeme na uso unaofanya kazi umeme ukipita ni vitu viwili tofauti mpaka mtu atuonyeshe kuwa ni kimoja, na mzigo wa kuonyesha hilo ni wa anayedai. Leo mzigo huo umetupwa kwa msomaji.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, lazima kwanza tuone ugumu wa kazi yenyewe. Molekuli ya CO₂ imenyooka na imetulia. Kuipa elektroni moja ikiwa huru majini kunahitaji takriban volti hasi 1.9 kwa kipimo cha kawaida cha hidrojeni, kwa sababu molekuli inalazimika kupinda ili elektroni hiyo ipate mahali pa kukaa. Lakini safari nzima, ukiangalia mwanzo na mwisho tu, ni nafuu mno: kutoka CO₂ hadi kaboni monoksidi ni karibu volti hasi 0.11, na hadi ethilini ni karibu volti chanya 0.08, zote kwa kipimo kinachofuata pH, yaani kiwango cha asidi, ya mmumunyo. Pengo hilo kati ya bei ya hatua ya kwanza na bei ya safari nzima ndilo eneo la kazi la kichocheo. Uso ukiweza kuishika molekuli, kuipinda na kugawana nayo elektroni, hatua ya kwanza inakuwa nafuu. Usipoweza, umeme wako unakwenda kupasua maji na kutoa hidrojeni, kwa sababu maji yapo kila mahali, ilhali CO₂ inayoyeyuka ndani yake kwenye halijoto ya chumba na shinikizo la kawaida ni kama milimoli 33 tu kwa lita.

Mwaka 1985 Yoshio Hori wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, na wenzake walianza kuchapisha picha ambayo bado tunaitegemea. Dhahabu, fedha na zinki hutoa zaidi kaboni monoksidi. Bati, risasi, indiamu na zebaki hutoa fomati, yaani chumvi ya asidi fomiki. Platini, nikeli na chuma huishia kwenye hidrojeni. Shaba peke yake huendelea mbele na kutengeneza methani, ethilini na alkoholi kwa kiasi cha maana. Mwaka 2012 kundi la Thomas Jaramillo huko Stanford lilihesabu bidhaa 16 tofauti kutoka kwenye shaba peke yake. Mgawanyo huo wa Hori ulijengwa juu ya metali tupu, zilizosafishwa. Oksidi ziliingia baadaye, na zikaingia na ahadi kubwa.

Ahadi hiyo ina msingi wa kikemia unaoeleweka. Juu ya uso wa oksidi kuna pande mbili zinazokamilishana: ioni ya metali yenye upungufu wa elektroni, iliyo tayari kupokea oksijeni ya CO₂, na ioni ya oksijeni yenye elektroni za kumpa kaboni. Zikishirikiana, molekuli iliyokuwa imenyooka inapinda na kuwa kaboneti iliyoshikana na uso. Mahali penye kundi la hidroksili, kinachozaliwa ni bikaboneti. Na pale oksijeni moja ya oksidi inapokuwa imetoka, pengo lililobaki huacha elektroni za ziada kwenye metali jirani, na mojawapo ya oksijeni za CO₂ inaweza kuingia humo. Metali tupu haina pande hizo mbili. Kwenye tanuri za gesi ushirikiano wa aina hii una historia ndefu: methanoli ya viwandani imekuwa ikitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na oksidi ya zinki na alumina tangu miaka ya 1960. Ni rahisi kuelewa kwa nini wanakemia wa umeme walitaka kuhamishia hekima hiyo kwenye seli zao.

Tofauti ni kwamba kwenye tanuri hakuna anayeusukumia uso elektroni kwa nguvu saa zote. Kwenye kathodi, nguvu ileile tunayoitumia kuipunguza CO₂, kwa maana ya kikemia ya kuipa elektroni, inaipunguza oksidi pia. Kila metali ina mstari wake. Oksidi ya bismuthi, kama ile ya shaba, inaanguka mapema. Oksidi ya bati, SnO₂, ina mstari karibu volti hasi 0.1. Oksidi ya zinki inashikilia hadi karibu hasi 0.4. Oksidi za titani, zirkoni na seri haziwezi kugeuzwa metali kwa volteji zinazotumika majini kwa kazi hii. Kinachoweza kutokea ni juu tu, kwa baadhi ya ioni kupokea elektroni. Kwa hiyo mtu anaposema "vichocheo vya oksidi za metali" kana kwamba ni familia moja, anaunganisha vitu ambavyo baada ya saa moja ya kazi vingine vitakuwa metali, vingine mchanganyiko, na vingine oksidi kama mwanzo.

Bati ndilo linalotupa ushahidi mzuri zaidi kwamba oksidi inaweza kuwa mshiriki halisi. Mwaka 2012 Yihong Chen na Matthew Kanan wa Stanford walionyesha jambo ambalo kila mwenye elektrodi ya bati alipaswa kulijaribu kabla yao. Waliondoa ngozi ya oksidi inayojitengeneza yenyewe juu ya bati, kwa kuiyeyusha kwa asidi kali, kisha wakaiweka elektrodi kazini kabla oksidi haijarudi. Ilitoa karibu hidrojeni tupu. Bati lenye ngozi yake ya asili lilipunguza CO₂. Na walipotengeneza utando mwembamba wenye bati na oksidi yake kwa pamoja, mkondo uliokwenda kwenye CO₂ uliongezeka hadi mara nane, na ufanisi wa Faraday, yaani sehemu ya umeme inayoishia kwenye bidhaa inayotakiwa, hadi mara nne, ukilinganisha na bati lenye ngozi ya asili. Hoja iliyomo humo ni ya kuondoa na kurudisha: toa oksidi, kazi inakufa; irudishe, kazi inafufuka. Laiti kila dai la oksidi lingeanza na jaribio la namna hiyo.

Lakini hata hapo kuna swali: oksidi inawezaje kuwapo chini ya mstari wake wa thamodinamiki? Jibu liko kwenye kasi. Thamodinamiki inasema kitu kinaelekea wapi, haisemi kitafika lini. Mwaka 2015 kundi la Peter Broekmann la Chuo Kikuu cha Bern lilifuatilia chembe za nano za SnO₂ kwa spektroskopia ya Raman, ambayo husoma viungo vya kikemia kwa mwanga wa leza, huku mkondo ukipita, na likakuta kwamba alama za oksidi zilibaki hata kwenye volteji ambazo vitabu vinasema hazipaswi kuwapo, na kwamba volteji ilipozidi kuwa hasi hadi oksidi ikageuka metali, utengenezaji wa fomati ulishuka. Mwaka huohuo kundi la Andrew Bocarsly la Princeton lilitumia mionzi infraredi kwenye uso wa bati, likaona alama ambazo lilizihusisha na kaboneti iliyoshikana na bati, ile hatua ya kati ambayo kemia ya oksidi inaitabiri. Vipimo viwili tofauti, vyote vikifanyika elektrodi ikiwa kazini, vinaelekeza upande mmoja. Kwa bati ninakubali: oksidi inafanya kazi, ingawa inafanya kazi ikiwa njiani kuondoka, na hilo la mwisho linapaswa kumtia wasiwasi yeyote anayepanga kuendesha seli kwa miezi.

Shaba ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona fani imejichelewesha yenyewe.

Mwaka 2012 Christina Li na Kanan walioka shaba hewani kwenye nyuzi 500 za selsiasi, wakapata tabaka nene la Cu₂O, kisha wakalipunguza kuwa shaba tena kwa umeme. Shaba hiyo iliyozaliwa na oksidi ilihitaji volti ya ziada pungufu kwa nusu volti kuliko shaba ya kawaida, na ilifanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba shaba ya aina hiyo inaigeuza kaboni monoksidi kuwa hasa ethanoli na asetati kwa ufanisi wa Faraday wa hadi asilimia 57, kwenye volteji za wastani kati ya hasi 0.25 na hasi 0.5. Haya yalikuwa matokeo makubwa na yanastahili heshima yote yaliyopata. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba oksidi ilikuwa imepunguzwa, na macho yao yalikuwa kwenye mipaka kati ya fuwele ndogondogo zilizobanana ndani ya shaba mpya.

Wengi waliofuata hawakuwa waangalifu hivyo. Kukazuka maelezo kwamba siri iko kwenye oksijeni iliyobaki chini kidogo ya uso, au kwenye shaba ya chaji moja (Cu⁺, iliyopoteza elektroni moja) iliyonusurika kati ya metali. Wazo hilo linavutia, na hesabu za kompyuta zilipatikana za kuliunga mkono na nyingine za kulipinga. Ilikuwa ni lazima mtu aulize kwa njia isiyo na kona: je, oksijeni ile bado ipo? Mwaka 2018 Yanwei Lum na Joel Ager wa Berkeley waliuliza. Walitengeneza oksidi ya shaba kwa isotopu ya oksijeni-18, aina nzito ya oksijeni ambayo vipimo huitofautisha na oksijeni ya kawaida ya hewani au ya majini, wakaiendesha kwenye kazi ya kupunguza CO₂, kisha wakapima kilichobaki. Chini ya asilimia 1 ya oksijeni ya awali ndiyo iliyokuwa bado ndani ya shaba. Hiyo haiwezi kubeba uzito wa maelezo yaliyokuwa yamejengwa juu yake.

Kilichonigusa zaidi kwenye kazi hiyo ni upande wake wa pili. Walionyesha pia kwamba shaba ya aina hii, ikiondolewa kwenye volteji, hupata oksidi upya kwa haraka sana. Fikiria maana yake. Maabara nyingi humaliza elektrolisisi, huzima umeme, huitoa elektrodi, huiosha, huipitisha hewani hadi kwenye mashine ya eksirei ya kupima uso, kisha huandika kwamba "oksidi bado ipo baada ya saa kadhaa za kazi". Oksidi wanayoiona inaweza kuwa imezaliwa kwenye safari ya kutoka kwenye seli hadi kwenye mashine. Kipimo cha namna hiyo hakithibitishi chochote kuhusu kathodi iliyo kazini, na ninashangaa wahariri wa majarida wanaendelea kukipokea kama ushahidi mkuu. Njia za kupima ndani ya seli zipo: Raman, eksirei ya sinkrotroni inayosoma chaji ya wastani ya shaba, infraredi. Kila moja ina udhaifu wake. Eksirei za kufyonzwa husoma kina kizima cha chembe na zinaweza kukosa tabaka moja la juu, ambalo ndilo hasa linalokutana na CO₂. Lakini udhaifu wa kipimo cha ndani ya seli ni afadhali kuliko uhakika wa kipimo kilichofanywa mahali pasipohusika.

Basi kama oksijeni haipo, ubora ulitoka wapi? Sehemu kubwa inaelezwa na umbo. Oksijeni inapotoka kwenye oksidi, metali inayobaki haijai nafasi ileile. Ni kama ukuta uliong'olewa matofali huku na kule, ukabaki na mianya tele. Eneo halisi la uso linaweza kuwa kubwa mara makumi, hata zaidi ya mara mia, kuliko eneo unalolipima kwa rula. Mkondo ukigawanywa kwa eneo la rula, elektrodi hiyo inaonekana ya ajabu. Ukigawanywa kwa eneo halisi, sehemu kubwa ya maajabu inayeyuka na kukaribia shaba ya kawaida.

Kisha kuna pH ya pale pale usoni, ambayo mara nyingi haitajwi kabisa. Kila elektroni inayotumika majini huacha ioni moja ya hidroksidi. Molekuli moja ya ethilini inakula elektroni 12, kwa hiyo inaacha hidroksidi 12. Ndani ya vitundu vyembamba vya uso wenye mianya, bikaboneti ya mmumunyo haiwahi kuzituliza zote, na pH inapanda mbali juu ya ile iliyopimwa kwenye chombo. Hali hiyo ya alkali inaipendelea ethilini dhidi ya methani, na inapunguza hidrojeni. Mtu akibadilisha kichocheo na wakati huohuo akabadilisha umbo lake, amebadilisha vitu viwili. Hawezi kumpa mmoja sifa zote. Sioni kwa nini makala ya mwaka huu bado inaruhusiwa kutoa mkondo kwa eneo la rula peke yake, ilhali kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji usoni, kinachokadiria eneo halisi, ni kazi ya alasiri moja na hakihitaji kifaa ambacho maabara ya elektrokemia haina.

Sisemi kila kitu ni umbo. Mwaka 2017 kundi la Kanan lilitumia ncha nyembamba ya kioo inayobeba tone dogo la mmumunyo na kupima dhahabu sehemu moja baada ya nyingine, na likaonyesha kwamba sehemu ambapo mipaka ya fuwele inatokeza usoni zina kasi kubwa ya kupunguza CO₂ kuliko katikati ya fuwele, huku kasi ya hidrojeni ikiwa haibadiliki hivyo. Kasoro za fuwele zina kazi yake. Na kuzaliwa kupitia oksidi ni njia nzuri ya kuzitengeneza kasoro hizo kwa wingi. Maelezo ya namna hiyo yanaipa oksidi heshima inayostahili: imeandaa uso, kisha imeondoka. Tofauti kati ya kusema hivyo na kusema oksidi ndiyo kichocheo ni kubwa kwa anayetaka kutengeneza bora zaidi kesho, kwa kuwa atajua kama achunge oksijeni isipotee au achunge kasoro zisijirekebishe.

Mfano unaonipendeza kuliko yote unaunganisha shaba na bati. Mwaka 2017 kundi la Shouheng Sun la Chuo Kikuu cha Brown lilichapisha chembe za shaba zilizovikwa ganda la SnO₂. Ganda la nanomita 0.8 lilitoa kaboni monoksidi kwa ufanisi wa asilimia 93. Ganda la nanomita 1.8 lilirudi kwenye tabia ya kawaida ya bati, likatoa fomati. Nanomita moja ya tofauti, na bidhaa imebadilika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ganda jembamba linabanwa na shaba iliyo chini yake na kuchanganyika nayo, hivyo nguvu ya uso kuzishika hatua za kati inabadilika. Mwaka huohuo kundi la Michael Grätzel la Lausanne lilifunika nyaya za nano za CuO kwa tabaka la SnO₂ lililowekwa atomu kwa atomu, na kwa kutumia seli za jua likafikia ufanisi wa asilimia 13.4 kutoka nishati ya jua hadi kaboni monoksidi. Kemia ya uso wa oksidi ikieleweka kwa kiwango hicho inaleta matokeo, na ndiyo sababu ninakasirishwa na madai yanayotolewa kwa mkato.

Mtu akitaka kuona oksidi inayobaki oksidi kweli, na inayofanya kazi kama oksidi, aondoke majini aende kwenye seli za joto kali. Kwenye elektrolisisi ya oksidi ngumu, kwenye nyuzi mia saba hadi mia nane na zaidi, CO₂ hupasuliwa kuwa kaboni monoksidi na ioni za oksijeni zinazopita ndani ya kauri. Kifaa cha MOXIE kilichokuwa ndani ya gari la NASA la Perseverance kilifanya kazi hiyo kwenye hewa ya Mars kuanzia Aprili 2021, na hadi kilipomaliza mwaka 2023 kilikuwa kimetoa jumla ya gramu 122 za oksijeni. Adui mkubwa wa seli hizo ni masizi: kwenye nikeli, kaboni monoksidi ikizidi, kaboni hujikusanya na kuiharibu elektrodi. Mwaka 2019 timu ya Stanford na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark ilionyesha kwamba oksidi ya seri inakwepa balaa hilo, kwa sababu hatua za kati za kaboni usoni mwake hushikwa zikiwa na oksijeni, katika umbo la kaboneti, badala ya kubaki kaboni tupu. Ioni za seri hupokea na kutoa elektroni, oksijeni hutoka na kurudi, na uso unabaki oksidi muda wote. Timu hiyo ilipima chaji za seri na kaboneti seli ikiwa kwenye joto lake la kazi. Huo ndio ushahidi ninaouzungumzia.

Kuna jambo jingine ninalolitaja kwa ufupi kwa kuwa linaweza kufuta makala nzima: uchafu. Lum na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kiasi kidogo mno cha shaba kilichojificha ndani ya kaboni inayotumika kubebea vichocheo kinatosha kutoa methani ambayo mtu angeihesabia kaboni hiyo. Oksidi iliyomwagwa juu ya kaboni ya aina hiyo inaweza kusifiwa kwa kazi ya shaba ambayo hakuna aliyeiweka. Anodi (elektrodi ya upande wa pili) ya platini nayo huyeyuka kidogokidogo na kujipaka kwenye kathodi. Na kama bidhaa ni kidogo, jaribio la CO₂ ya kaboni-13 ni la lazima, kwa sababu mabaki ya viyeyusho na gundi za kichocheo nayo hutoa fomati na alkoholi.

Najua pingamizi la wahandisi: kama elektrodi inatoa ethilini, kwa nini tujali jina la uso? Wajali kwa sababu ya muda. Kichocheo kinachotegemea kasoro za fuwele kinadhoofika kasoro zinapojirekebisha na atomu za shaba zinapohamahama. Kinachotegemea oksidi kinadhoofika oksidi inapokwisha. Tiba zake ni tofauti. Kundi la Beatriz Roldan Cuenya la Taasisi ya Fritz Haber, Berlin, lilichapisha mwaka 2020 kazi ya kuendesha shaba kwa mapigo: volteji inakwenda hasi kwa muda mfupi, kisha inapandishwa kwa muda mfupi ili uso upate oksidi tena, kisha inarudi. Bidhaa zenye kaboni mbili, ethanoli ikiwamo, ziliongezeka. Hapo shaba ya chaji moja inapewa nafasi ya kweli, kwa sababu inazalishwa upya kila mara badala ya kudhaniwa kwamba imenusurika. Mhandisi asiyejua uso wake uko katika hali gani asingefikiria kupandisha volteji. Angeona ni kupoteza umeme.

Na hali inabadilika haraka. Kwenye mimumunyo ya alkali na ile isiyo asidi wala alkali, hidroksidi zinazozaliwa kwenye kathodi hukamata CO₂ na kuigeuza kaboneti. Hesabu ya elektroni inaweka dari: kwa kaboni monoksidi, nusu tu ya gesi inayotumika inaweza kuwa bidhaa, na kwa ethilini ni robo. Iliyobaki inapita utando unaotenganisha pande mbili za seli kama kaboneti na kwenda kutolewa upande wa anodi, au inaganda kuwa chumvi na kuziba mianya ya gesi. Ndiyo maana maabara kadhaa zimehamia kwenye asidi, zikitumia ioni nyingi za potasiamu kuilinda kathodi dhidi ya protoni. Kazi ya Chuo Kikuu cha Toronto ya mwaka 2021 ilifanyika kwenye pH iliyo chini ya 1. Humo kaboneti inarudishwa kuwa CO₂ kabla haijapotea.

Lakini kwenye asidi oksidi ya shaba inayeyuka mara tu umeme unapokatika, ilhali SnO₂ inavumilia asidi vizuri zaidi. Pale usoni, mkondo ukiwa mkubwa, hali bado inaweza kuwa ya alkali. Mkondo ukipungua, asidi inafika mpaka kwenye metali. Uso uleule unaweza kuwa na oksidi asubuhi na kukosa jioni kwa sababu ya kuzimwa na kuwashwa tu, hasa ukiendeshwa kwa umeme wa jua au upepo. Majaribio yaliyoendeshwa kwa mkondo usiobadilika hayawezi kutuambia lolote kuhusu hilo. Ningependa kuona yakirudiwa kwa kuzima na kuwasha, oksijeni-18 ikiwa ndani ya oksidi, na kipimo cha uso kikisoma muda wote, kuanzia dakika umeme unapokatika.